RUDOLF VIRCHOW, MUGANGA ALIYEONA UNDUGU WA GEGEDU, MFUPA NA DAMU



Katika interogasioni ya biolojia iliyopita, sisi wa kundi la sayansi tulianguka wengi kwa swali moja. Mwalimu alichora ubaoni picha tatu za tishu kama zinavyoonekana kwa mikroskopi, akatuomba tutaje jina la kila moja na jamaa yake. Ya kwanza ilikuwa gegedu, ya pili mfupa, ya tatu damu. Majina hayakutushinda. Lakini kwa jamaa, wengi tuliandika kwamba gegedu na mfupa ni tishu unganishi, na damu ni maji ya mwili tu, haiko tishu. Alama zikaruka.

Tulipopokea makaratasi tukaanza kubisha. Namna gani mfupa unaoshinda meno ya mbwa uwe ndugu wa damu inayomwagika chini? Na tena, damu inaunganisha nini na nini? Mwalimu hakukasirika. Alituomba tuchange franga, tununue mguu wa mbuzi mchanga kwa wauza nyama, tuulete kalasini. Tuliukata kwenye goti. Kwa ncha ya mfupa tukaona kitu cheupe, laini, chenye kuteleza na kung'aa: ndiyo gegedu. Chini yake, mfupa wenyewe. Tulipouvunja tukakuta ndani uboho mwekundu wenye damu. Kumbe vitu vitatu vya interogasioni vilikuwa katika mkono mmoja, na vinashikana!

Kisha mwalimu akatutajia mtu mmoja aliyetumia maisha yake kuangalia vitu hivi. Tulitafuta habari zake, na leo tunawaandikia tuliyoyapata.

KIJANA MWENYE SAUTI NDOGO

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, katika ufalme wa Prussia. Siku hizi mji ule uko katika inchi ya Polandi, nao unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alilima, tena alikuwa mtunza feza wa mji, lakini nyumbani hapakuwa na mali nyingi. Katika masomo ya sekondari kijana alifikiri kuwa mchungaji. Akajipima, akaona sauti yake ni ndogo sana kwa kuhubiri, akachagua kazi ya uganga.

Mwaka 1839 alipokelewa Berlin katika shule ya waganga wa jeshi, mahali serikali ilisomesha watoto wenye akili ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Hapo alimpata mwalimu mkubwa, Johannes Müller. Mwaka ule ule mwanafunzi mwingine wa Müller, Theodor Schwann, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba mwili wa mnyama umejengwa kwa seli, sawa na mimea. Na mojawapo ya tishu zilizomfungua macho ilikuwa gegedu, juu seli za gegedu zinakaa kila moja katika chumba chake chenye ukuta, kama seli za mimea. Schwann huyu nyuma yake alifundisha Leuven na Liège, inchi ya Ubelgiji.

Basi Virchow alikuta mlango umefunguliwa. Alimaliza udaktari mwaka 1843, akaanza kazi katika hospitali kubwa ya Charité, kwa chumba cha kupasua maiti. Wengine waliona ile kazi kuwa ya chini. Yeye aliona ndiyo mahali ugonjwa hauwezi kujificha.

DAMU ILIYOKUWA NYEUPE

Mwaka 1845, akiwa na miaka 23 tu, aliletewa maiti ya mpishi mmoja wa kike mwenye karibu miaka 50. Bandama lake lilikuwa limevimba sana. Virchow alipofungua mishipa akaona damu yenye rangi nyeupe-nyeupe, kama imechanganywa na usaha. Katika mwaka ule muganga John Hughes Bennett wa Edinburgh, inchi ya Scotland, naye alitangaza ugonjwa wa namna ile, akafikiri kweli ni usaha ndani ya damu.

Virchow aliweka ile damu chini ya mikroskopi. Hakuona alama ya jipu wala kidonda cha kutoa usaha. Aliona chembe nyeupe zile zile ambazo kila mtu anazo, lakini zimeongezeka kupita kiasi, na nyekundu zimepungua. Mwaka 1847 aliupa ugonjwa jina la lukemia, maana yake damu nyeupe. Tangu hapo watu walianza kuelewa kwamba damu inaweza kuugua yenyewe kama kiungo kingine chochote.

Alichunguza tena namna damu inaganda ndani ya mshipa wa mtu aliye hai, na namna kipande cha damu iliyoganda kinaweza kukatika mguuni, kikasafiri hata mapafuni na kuua mtu. Mbele yake wengi walifikiri kipande kile kilizaliwa hapo hapo katika mapafu.

SAFARI YA UPPER SILESIA

Mwanzoni mwa 1848 serikali ya Prussia ilimtuma katika sehemu ya Upper Silesia, ambako homa ya tifasi iliua watu kwa maelfu nyuma ya njaa. Alikaa huko karibu majuma matatu. Aliona nyumba zenye kujaa watu na wanyama pamoja, watu wasio na chakula, wasio na masomo, na wakubwa wasiojua hata luga ya raia, ambao walisema Kipolandi. Serikali ilingojea aandike habari za dawa. Yeye akaandika kwamba dawa ya ile homa ni masomo kwa luga ya watu, barabara, mashamba yenye kuzaa, mshahara, na uhuru.

Sisi wa Butembo na Beni tunaweza kumwelewa. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, tuliona kwamba dawa na chanjo peke yake hazitoshi kama watu hawaaminiani na kama maneno hayasemwi kwa luga ambayo mama wa sokoni anasikia.

Aliporudi Berlin, mapinduzi ya Machi 1848 yalianza, naye akasimama upande wa raia. Mwaka 1849 serikali ikamsimamisha kazi. Hapo ndipo mji wa Würzburg, kusini, ulimwita aje kuwa profesa. Aliondoka Berlin kama mtu aliyeshindwa. Lakini ni huko Würzburg aliona jambo ambalo lilituangusha sisi katika interogasioni.

UNDUGU UNAPATIKANA KATIKATI

Mwaka 1851 Virchow alitoa maandiko mafupi ya kuonyesha kwamba chembe za mfupa, chembe za gegedu, na chembe za ile tishu laini inayofunga viungo vya mwili, zote ni za namna moja. Mbele ya hapo watu walihesabu mfupa mbali na gegedu mbali, kwa kuangalia ugumu wake. Yeye aliangalia seli, tena aliangalia kitu kilicho katikati ya seli.

Tuelezane pole pole, kwa maana hapa ndipo penye alama za mtihani.

Katika tishu ya kufunika, kama ngozi ya juu, seli zimebanana kama matofali ya ukuta. Katika tishu unganishi haiko vile. Seli zimeachana, na katikati yake kuna kitu kingi ambacho seli zenyewe zimekitoa au kinachozizunguka. Mufikiri nyumba za kijiji zenye mashamba katikati. Swali la kuuliza ni hili: shamba la katikati ni la nini?

Kwa gegedu, shamba ni kama udongo wa mfinyanzi: ni imara, lakini linakubali kukunjwa. Lina nyuzi nyembamba za kolajeni. Seli zinakaa ndani ya vyumba vya mviringo, mara nyingi mbili au nne pamoja. Ndani yake hamna mishipa ya damu. Chakula kinapenya pole pole kutoka pembeni, na ndiyo sababu gegedu ikiumia inachelewa kupona. Mushike sikio lenu, muikunje ncha ya pua: ni hiyo.

Kwa mfupa, shamba ni kama jiwe. Nyuzi za kolajeni ziko, lakini zimeshikwa na chumvi za kalsiamu na fosfati. Seli zimejipanga kwa miviringo kuzunguka mfereji mdogo ambamo damu inapita, na kila seli inatoa vikono vyembamba vya kugusa jirani zake. Katika picha mutaona kama shina la mti lililokatwa, lenye duara ndani ya duara.

Kwa damu, shamba ni maji, yaani plazima. Seli zinaelea ndani yake kama mitumbwi ya wavuvi wa Kyavinyonge juu ya ziwa. Katika tone dogo la milimita moja ya mraba kwa kimo cha milimita moja muna chembe nyekundu karibu milioni 5, na nyeupe elfu chache. Kwa plazima, nyuzi hazionekani mpaka damu igande. Hapo nyuzi zinatokea na kufunga kidonda.

Udongo, jiwe, maji. Ukiangalia kwa nje hazifanani hata kidogo. Lakini katika mimba, wakati mtoto angali mdogo sana, zote tatu zinatoka katika tabaka moja la katikati. Ni watoto wa babu mmoja. Mwaka 1868 Ernst Neumann na Giulio Bizzozero walionyesha tena kwamba chembe nyekundu zinazaliwa ndani ya uboho, ndani ya mfupa wenyewe. Wale wenye ndugu mgonjwa wa anemia SS wanajua: ugonjwa uko katika damu, lakini mtoto analia mifupa.

Tulifanya jaribio moja, nanyi mulifanye. Tuliweka mfupa mwembamba wa kuku katika siki kali kwa siku kadhaa, tukibadilisha siki. Chumvi ziliyeyuka, kolajeni ikabaki, na mfupa ukakunjika kama gegedu. Mfupa mwingine tuliuchoma motoni mpaka ukawa mweupe: nyuzi ziliungua, chumvi zikabaki, na mfupa ukavunjika kwa vidole kama chokaa. Tukaelewa kwamba nguvu ya mfupa inatoka kwa vyote viwili pamoja.

Mwaka 1853 Virchow alieleza tena namna mfupa wa mtoto unaongezeka: kwa ncha yake kuna gegedu inayokua, na nyuma yake gegedu ile inaacha nafasi kwa mfupa. Kwa mtoto mwenye matege, chumvi hazifiki vizuri, na mguu unapindika.

KILA SELI INA MZAZI

Mwaka 1855 alitangaza fundisho lililomfanya ajulikane duniani: kila seli inatoka kwa seli nyingine. Hakuwa wa kwanza kuliona. Robert Remak, Myahudi wa Berlin, alikuwa ameonyesha kugawanyika kwa seli mbele yake, lakini Virchow hakumpa heshima iliyompasa. Tunaliandika jambo hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hata sisi tunanakili kazi ya jirani na kusahau jina lake.

Mwaka 1856 Berlin ikamwita arudi. Mwaka 1858 alitoa masomo yake 20 katika kitabu kimoja, akafundisha kwamba ugonjwa ni seli zilizoacha njia yake ya kawaida. Mwaka uliofuata aliingia katika baraza la mji, na nyuma yake katika bunge. Mwaka 1865 waziri mkuu Bismarck alikasirika akamwita wapigane kwa silaha, naye akakataa. Alifanya kazi kwa miaka mingi kwa ajili ya maji safi na mifereji ya kutoa maji machafu ya Berlin. Watoto wengi wakaponeshwa na mifereji ile bila kujua jina lake.

ALIPOKOSEA

Sasa tuseme makosa yake, kwa maana mtu mkubwa asiye na kosa hatufundishi kitu.

Virchow alipenda sana tishu unganishi, akaamini kwamba kansa zote zinazaliwa humo. Carl Thiersch mwaka 1865, na Wilhelm Waldeyer tangu 1867, walionyesha kwamba kansa nyingi zinatoka kwa tishu ya kufunika. Virchow alichelewa sana kukubali.

Mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, aliugua kongomeo, kile kisanduku cha sauti kilichojengwa kwa gegedu. Waganga wa Kijerumani waliogopa kansa, wakataka kupasua. Muganga wa Kiingereza, Morell Mackenzie, alikata vipande vidogo akamtumia Virchow. Virchow aliangalia, akasema haoni kansa katika vipande vile. Hakusema uongo, aliandika aliyoyaona. Lakini kipande kidogo hakionyeshi kongomeo lote, na watu walilichukua neno lake kama hukumu ya mwisho. Operesheni ikaachwa. Friedrich akawa mfalme mwezi wa Machi 1888, hawezi tena kusema, akatawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni. Virchow alikuwapo walipomfungua. Kansa ilikuwa imekula kongomeo.

Mbele ya hapo, mwaka 1872, alikuwa ameangalia mifupa ya kale ya Neandertal, akasema ni ya mtu wa kawaida aliyeugua matege utotoni na ugonjwa wa maungio uzeeni. Alikosea: ilikuwa ya watu wa namna nyingine waliotoweka zamani.

Na kuna jambo linalotugusa sisi Waafrika. Virchow alikusanya mafuvu ya watu kutoka inchi nyingi, akawaomba wasafiri wamletee. Desturi ile ikaendelea kwa wengine. Wakati Ujerumani ilitawala Afrika ya Mashariki, mafuvu zaidi ya 1,100 yalipelekwa Berlin, mengi kwa ajili ya Felix von Luschan. Sehemu kubwa yalitoka Rwanda, jirani yetu, na mengine Tanzania na Kenya. Uchunguzi uliofanywa Berlin tangu 2017 ulionyesha asili yake, na mwaka 2023 jamaa walio hai walitambuliwa Tanzania kwa kupima DNA ya undugu. Mtu aliyefundisha dunia kwamba mfupa ni tishu yenye uhai alisahau kwamba kila mfupa una wenyewe, na wenyewe wanalia.

MFUPA WA MWISHO

Tarehe 4 Januari 1902, Virchow akiwa na miaka 80, aliruka kutoka kwa tramu iliyokuwa ingali inakwenda katika barabara ya Leipziger Straße. Akaanguka, akavunjika mfupa wa paja kwenye shingo yake. Alifundisha maisha yote namna mfupa unapona, na sasa alingojea wa kwake upone.

Mfupa ukivunjika, kwanza damu inamwagika pale na kuganda. Kisha, katika majuma yanayofuata, gegedu inajengwa katika nafasi ile na kushika ncha mbili. Kisha mfupa mpya unachukua mahali pa gegedu. Damu, gegedu, mfupa: ndugu watatu wanafuatana kwa kazi moja. Yule aliyeuliza damu inaunganisha nini, jibu ni hilo. Lakini shingo ya paja ni mahali damu inafika kidogo, na mwili wa mzee umechoka. Virchow hakurudia nguvu yake. Alikufa Berlin tarehe 5 Septemba 1902.

Ndugu wasomaji, katika interogasioni ijayo, mukiona picha ya tishu, musitazame kama ni ngumu ao laini. Muulize: seli zimebanana ao zimeachana? Na kama zimeachana, katikati kuna nini? Virchow alipouliza vile, aliona ambayo wengine hawakuona. Alipoacha kuuliza kwa kuwa aliamini amekwisha kujua, hata yeye, pamoja na mikroskopi yake, alipita kando ya kweli.

Sisi tulirudisha mfupa wa mbuzi kwa mpishi wa shule. Supu yake tulikunywa wote, hata wale waliopata sufuri.